Maana na Matumizi ya Jina "Denali"

Kusini ya kati ya jimbo la Alaska, nchini Marekani, umesimama mlima wenye kimo cha futi 20,310, yaani mita 6,190, ambao haupitwi na mwingine wowote katika bara zima la Amerika ya Kaskazini. Vitabu vya jiografia vilivyosomwa mashuleni katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi viliutaja kwa jina la McKinley. Atlasi zilizochapwa baada ya mwaka 2015 ziliuandika Denali. Tangu Januari 2025 serikali ya shirikisho ya Marekani imerejea kuuita McKinley. Mwanafunzi anayelinganisha vitabu hivyo aweza kudhani kwamba ipo milima miwili.

Ugomvi huu wa majina umeandikwa sana na wanasiasa na waandishi wa habari, na aghalabu umeelezwa kuwa ni ugomvi baina ya majimbo mawili, Alaska na Ohio. Makala hii haikusudii kuwaamua wagomvi hao. Inakusudia kuchunguza jambo ambalo pande zote mbili zimelipita haraka mno: neno "Denali" lina maana gani hasa katika lugha lilikotoka, ni akina nani waliolitumia, na akina nani waliokaa chini ya mlima huo huo wasilitumie, na kwa nini tafsiri iliyoenea duniani, ya kwamba maana yake ni "Aliye Mkuu", haikubaliani na ushahidi wa lugha yenyewe.

Neno hili limetoka katika Kikoyukon, mojawapo ya lugha za Kiathabaska. Lugha hizo husemwa na wenyeji wa Alaska ya bara na wa kaskazini-magharibi ya Kanada, nazo zina ndugu wa mbali huko kusini, ambao mashuhuri wao ni Kinavajo. Umbo lake kamili huandikwa siku hizi Deenaalee. Msingi wa maarifa juu ya lugha hii uliwekwa na Padre Jules Jetté, Mjesuiti aliyekaa na Wakoyukon katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, akaacha hati kubwa ya kamusi. Hati hiyo iliendelezwa na Eliza Jones, ambaye Kikoyukon kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, ikahaririwa na James Kari wa Chuo Kikuu cha Alaska kule Fairbanks, hata ikachapishwa mwaka 2000. Kari ndiye pia aliyekusanya na kulinganisha majina ya mlima huu katika lugha za Kiathabaska zinazouzunguka.

Katika lugha hizi kitenzi ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa maana. Sifa ambazo Kiswahili huzieleza kwa vivumishi, kama vile urefu, uzito na ukubwa, aghalabu huelezwa kwa vitenzi vya hali, na kitenzi cha namna hiyo kikipachikwa kiambishi mwishoni chaweza kugeuka kuwa jina. Deenaalee ni jina la aina hiyo. Mzizi wake ni wa kitenzi chenye maana ya kuwa na urefu, na kiambishi chake cha mwisho kinafanya kazi inayofanana na ya o-rejeshi katika Kiswahili. Neno zima, basi, ni sawa na kusema "ulio mrefu". Halina habari ya ukuu, wala ya enzi, wala ya utukufu.

Hapa Kiswahili kinalifikia neno la Kikoyukon kwa njia iliyo fupi kuliko Kiingereza. Mzizi wa kitenzi hicho haubagui urefu wa kusimama na urefu wa kulala. Hutumika kwa kitu kilichoinuka na kwa kitu kilichonyooka ardhini. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: mti mrefu, mtu mrefu, njia ndefu, kamba ndefu. Kiingereza kina maneno mawili mahali hapa, na mfasiri hana budi kuchagua. Akisha kuchagua la kusimama, na kwa kuwa habari ni ya mlima, huvutwa kwenye neno la tatu, la kuwa juu. Na kutoka kuwa juu kwenda kuwa mkuu ni hatua moja tu, maana katika Kiingereza kama katika lugha nyingine nyingi cheo na kimo huazimana maneno. Kila hatua yaonekana ndogo na yenye kusameheka. Lakini mwisho wa safari neno lililokuwa likieleza umbo la kitu limekuwa neno la kusifu.

Fauka ya hayo, Kiingereza hakiwezi kuacha sifa bila mwenye sifa, kwa hiyo huongeza neno "one", ambalo halibainishi kama linalotajwa ni mtu au kitu. Msomaji ndiye anayejijazia, na wasomaji wengi wamejijazia roho au mungu. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kujificha nyuma ya utata huo, kwani upatanisho wa ngeli utamfichua. Akiandika "Aliye Mkuu" ametia uhai na nafsi. Akiandika "Ulio Mrefu" amebaki na mlima. Tafsiri ya kwanza ndiyo iliyopata kuandikwa katika Kiswahili kwa kufuata Kiingereza, na ndiyo inayofaa kuachwa. Hii si kusema kwamba Wakoyukon hawakuuheshimu mlima wao. Hadithi zao zina mengi juu yake. Lakini heshima iliyomo katika hadithi haithibitishi kwamba imo katika mzizi wa neno.

Jambo la pili ambalo ugomvi wa magazetini umelifunika ni kwamba mlima huu haukuwa na jina moja hata miongoni mwa wenyeji. Lugha za Kiathabaska zinazouelekea ni saba au zaidi, na majina yake yanagawanyika makundi mawili kwa kufuata mgongo wa safu ya milima. Upande wa kaskazini na magharibi, kwa Wakoyukon na jirani zao wa mito ya Tanana na Kuskokwim, majina yote ni ya mzizi ule wa urefu, yakitofautiana kwa sauti kama yatofautianavyo matamshi ya lugha zilizo ndugu. Upande wa kusini jina ni jingine kabisa. Wadena'ina, waliokaa kandokando ya ghuba ya Cook hadi mto Susitna, huuita Dghelay Ka'a, na Waahtna, jirani zao wa mashariki, huuita Dghelaay Ce'e. Majina haya ni ya maneno mawili, la kwanza likiwa nomino na la pili sifa inayoifuata, kwa mpango ule ule wa Kiswahili. Na maana yake, neno kwa neno, ni "mlima mkubwa".

Tofauti hii si ya bahati. Atazamaye kutoka nyanda za kaskazini huuona mlima ukipanda ghafula kutoka mahali pa chini, karibu wima; neno "mrefu" linamjia lenyewe. Atazamaye kutoka kusini, kwa mbali, juu ya maji ya ghuba, huuona ukiwa miongoni mwa milima mingi ya theluji, na kinachoupambanua ni ukubwa wake kupita wenziwe. Maelezo haya ya macho hayana uthibitisho wa kisarufi, na yapokewe kama dhana tu. Lakini mgawanyo wenyewe wa majina ni jambo la hakika.

Kwa msomaji wa Kenya hali hii si ngeni. Mlima ulioipa nchi jina lake huitwa Kirinyaga na Wakikuyu, na Ol Doinyo Keri ni miongoni mwa majina yake kwa Wamaasai; jina lililoingia katika ramani limefuata matamshi ya Wakamba, kwa sababu Krapf alipouona mwaka 1849 alikuwa Ukambani. Jina la upande mmoja lilishinda kwa kuwa ndiko alikosimama mwenye kalamu. Kule Alaska lilishinda jina la kaskazini kwa sababu hiyo hiyo, ingawa baada ya muda mrefu zaidi na mizunguko mingi.

Warusi, waliotawala Alaska hadi walipoiuza kwa Marekani mwaka 1867, walilijua jina la kila upande. Wale wa ghuba ya Cook waliuita mlima Bolshaya, yaani "mkubwa", kwa kutafsiri jina la Wadena'ina. Na katika ramani ya Wrangell ya mwaka 1839 limo jina Tenada, lililotokana na safari ya Glazunov ya mwaka 1834 katika nchi za magharibi. Mtu aweza kushangaa kuona d mahali ambapo Kikoyukon kina l. Walakini katika Kiholikachuk na jirani zake wa magharibi, konsonanti ya mahali hapo hutamkwa kama dh ya Kiswahili, na Kirusi hakina sauti hiyo. Kwa hiyo Tenada ni neno lile lile la Denali likiwa limevaa nguo za Kirusi. Kwa ushahidi huu jina la Kiathabaska lilikuwa limekwisha kuandikwa katika ramani miaka minne kabla ya William McKinley kuzaliwa, maana yeye alizaliwa mwaka 1843.

Jina la McKinley liliingia kwa njia nyepesi mno. Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja, William Dickey, alikuwa akisafiri katika bonde la Susitna. Mwaka huo wagombea urais wa Marekani walikuwa wakishindana juu ya msingi wa fedha: William McKinley wa Ohio alisimamia dhahabu peke yake, na William Jennings Bryan aliitetea fedha nyeupe pamoja na dhahabu. Dickey alikuwa mtu wa dhahabu. Yasimuliwa kwamba alikuwa amechoshwa na wafuasi wa Bryan aliokutana nao njiani, akautaja mlima kwa jina la mgombea wake ili kuwakomoa. Iwe ni kweli au la, gazeti la New York Sun lilichapisha habari zake Januari 1897, jina likakubaliwa. Miaka michache kabla ya hapo watafuta dhahabu wengine walikuwa wakiuita Mlima wa Densmore, kwa jina la mwenzao mmoja. Jina hilo halikuwa na gazeti la kulieneza, likafa. McKinley mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 1901, akiwa rais, na hakupata kamwe kufika Alaska.

Ni vema kuangalia kwamba Dickey alikuwa upande wa kusini, katika nchi ya Wadena'ina. Laiti angeuliza na kuandika alichojibiwa, yamkini dunia ingelijifunza Dghelay Ka'a, na "Denali" lingebaki neno la Wakoyukon na jirani zao.

Tofauti iliyopo baina ya majina haya mawili ni ya aina. McKinley ni jina la ukoo la Kigaeli lenye maana ya "mwana wa Fionnlagh", na hakuna aliyepata kuuliza linahusu nini na mlima. Halikuwekwa ili lieleze bali ili likumbushe. Wachunguzi wa majina ya Kiathabaska wameonyesha kwamba desturi hii ya kuupa mlima jina la mtu haimo katika lugha hizo. Jina la mahali hueleza mahali palivyo, au kinachopatikana pale, au kazi ifanywayo pale, na msafiri aliyekariri majina ya njiani amekwisha kukariri njia yenyewe. Kuugeuza mlima kuwa ukumbusho wa mtu, hata awe mtu mwema, ni kuuhamisha kutoka mfumo mmoja wa lugha kwenda mwingine. Upande wa Afrika ya Mashariki, Mackinder alipoupanda Mlima Kenya mwaka 1899 aliviita vilele vyake Batian, Nelion na Lenana kwa majina ya viongozi wa Wamaasai. Majina ni ya Kiafrika, lakini namna ya kuyaweka ni ya Kizungu.

Aliyeanza kupigania jina la zamani kwa kalamu alikuwa Hudson Stuck, kasisi wa Kanisa la Kiepiskopali katika nchi ya mto Yukon. Tarehe 7 Juni 1913 yeye na wenziwe watatu walifika kileleni, wa kwanza katika historia kukifikia kilele cha kusini, kilicho kirefu zaidi. Aliyetangulia kukikanyaga alikuwa Walter Harper, kijana ambaye mama yake alikuwa Mkoyukon. Kitabu cha Stuck kilichotoka mwaka 1914 kilitumia jina la Denali, na katika dibaji yake alidai mlima urudishiwe jina lake. Hata hivyo ukurasa wa jina la kitabu ulibidi kuongeza Mount McKinley ndani ya mabano, ili msomaji ajue mlima unaosemwa. Charles Sheldon, mwindaji na mtetezi wa wanyama aliyeshinda kwa hoja zake hadi mbuga ikaanzishwa, naye alitaka iitwe Denali. Kongresi ilipoiunda Februari 1917 iliiita Mount McKinley. Wote wawili, Stuck na Sheldon, waliujua mlima kutoka kaskazini. Hapo ndipo jina la kaskazini lilipopata watetezi wake, na jina la kusini likakosa.

Kwa karibu miaka sitini baada ya hapo palikuwa na matumizi mawili sambamba: McKinley katika karatasi za serikali, Denali vinywani mwa wapanda mlima na Waalaska wengi. Mwaka 1965 Rais Johnson aliongeza hata jina la tatu, akiamuru vilele viwili viitwe kwa heshima ya Churchill. Jina hilo halikupata watumiaji, na ni watu wachache wanaolikumbuka.

Mwaka 1975 jimbo la Alaska lilibadili jina kwa upande wake na kuiomba serikali ya shirikisho ifuate. Mwaka huo huo Kenya iliondoa katika ramani jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ambalo Teleki alilipa ziwa mwaka 1888, ikaliita Turkana. Kenya ilikuwa dola, ikatangaza, jambo likaisha. Ingawa Waelmolo, Warendille, Wagabra na Wadasanachi, ambao nao wana majina yao ya ziwa hilo, hawakukosa la kusema. Alaska haikuwa dola. Mbunge Ralph Regula, ambaye wilaya yake ya Ohio ilikuwa na mji wa Canton alikozikwa McKinley, aligundua kwamba Bodi ya Majina ya Kijiografia haishughulikii jina lolote ambalo lina mswada mbele ya Kongresi. Basi mswada wa kuhifadhi jina la McKinley ukawa unawasilishwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Haukuhitaji kupita, ulihitaji kuwapo tu. Kwa hila hiyo ya kanuni bodi ilifungwa mikono hadi Regula alipoondoka bungeni mwaka 2009, na warithi wake wa Ohio wakaendelea nayo.

Katikati ya mvutano huo ilipatikana suluhu ya ajabu. Sheria ya ardhi za Alaska iliyotiwa sahihi na Rais Carter tarehe 2 Desemba 1980 iliibadili mbuga kuwa Denali na kuuacha mlima kuwa McKinley. Mbuga ikawa imeitwa kwa jina la mlima ambao, kwa sheria, haukuwa na jina hilo. Mwisho wa Agosti 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Sally Jewell, aliuita mlima Denali kwa amri yake, siku chache kabla ya vipimo vipya kupunguza kimo chake kwa futi kumi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, aliamuru jina la McKinley lirudi. Mbuga haikuguswa, kwa hiyo hali ya mwaka 1980 imerejea kama ilivyokuwa. Bunge la Alaska liliomba mapema mwaka huo jina la Denali lisiondolewe, na kwa serikali ya jimbo mlima bado ni Denali.

Katika miaka hiyo yote hamsini ya mabishano, maana ya neno ilitajwa mara nyingi, na karibu kila mara ilitajwa vibaya. Waliolitetea jina walipenda "Aliye Mkuu" kwa sababu lilisikika kuwa na uzito wa kumkabili rais. Waliolipinga hawakuwa na haja ya kuhakiki. Hakuna upande uliofaidika kwa kusema kwamba neno maana yake ni "mrefu". Wakati huo huo lugha zenyewe zilikuwa zikipungua. Watoto wa Kiathabaska waliadhibiwa mashuleni kwa kuzisema, na vizazi vilivyofuata vilikua kwa Kiingereza. Kiholikachuk hakina tena msemaji aliyekulia ndani yake. Kikoyukon na Kidena'ina vimebaki zaidi kwa wazee. Mwaka 2014 sheria ya Alaska ilizitambua lugha 20 za wenyeji kuwa rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2018 gavana wa jimbo alitangaza hali ya dharura kwa ajili yake. Neno moja la Kikoyukon lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye magari, hoteli na mashati ya watalii.

Kwa waandishi wa vitabu vya Kiswahili pana mambo mawili ya kutenda. Katika orodha za majina yafaa Denali na McKinley yaandikwe yote mawili, na mwaka wa kila badiliko uonyeshwe, kwa kuwa amri ya 2025 haiwezi kufuta maandishi ya 2015, wala ile ya 2015 haikuyafuta ya kabla yake. Na maana itolewapo, iwe "ulio mrefu", pamoja na kutaja kwamba ni jina la Wakoyukon na jirani zao wa kaskazini na magharibi. Ama Dghelay Ka'a, halijawahi kuingia katika amri ya rais yeyote. Limesalia katika ramani mahali pamoja, katika tahajia iliyopotoka ya Traleika, nalo ni jina la mto wa barafu ulio mashariki ya kilele, ambao hauteremki kuelekea kwa Wadena'ina bali unamiminika kaskazini.